Samaki Aliyebaki Sahanini

Paežerė, 21 Oktoba 2012

Mwanangu Živilė,

Tumsifu Yesu Kristu.

Naandikia juu ya ubao wa kupigia pasi, maana mezani kumejaa vyombo vya maziwa. Nilifika jana na basi la jioni. Yule nesi alipochukua simu yako akaitia kwenye bahasha, nilitamani achukue na yangu ili tuwe sawa. Wamesema barua tu, mpaka waone umetengemaa. Basi barua. Shule niliishia darasa la nane na mwandiko wangu unaujua, utavumilia.

Shangazi yako Bronė alikuwa amekwisha kamua. Akaniuliza kama ulilia, nikasema hukulia. Akaniuliza kama mimi nililia, nikamwambia aende kwake. Hakwenda. Alikaa akamenya viazi, akarudia yale yale yake, kwamba wasichana wa siku hizi wanataka kuwa kama wale wa kwenye televisheni, na kama ni fito, fito zimejaa zizini. Usimchukie. Baadaye nilimwona anapangusa macho kwa kiwiko, na vitunguu tulikuwa hatujavigusa.

Mimi siamini kwamba ni urembo. Mwanzoni nilidhani ni mfungo. Ile Kwaresima ulipoacha nyama, nilijivuna kanisani. Pasaka ikaja ikapita, wewe hukuirudia nyama, ukaacha na mkate, ukaanza kukaa na kijiko kimoja cha uji mpaka uji unaota ngozi, midomo inakuchezacheza. Nikasema anasali. Sasa sijui tena nilikuwa natazama nini.

Jibini ya moshi na asali nilivyokuletea, nesi alinirudishia mlangoni. Nimesafiri navyo mapajani njia nzima. Nimechoka, mwanangu, kwa uchovu ule wa kutoka ndani. Nakuambia wewe kwa sababu hata ukiwa mgonjwa bado wewe ndiye ninayezungumza naye.

Ng'ombe wetu Margė ana mimba tena. Leo nimefua vitambaa vya altare.

Mama yako,
Zita

~

Vilnius, 30 Oktoba

Mama,

Milele amina. Barua nimeipata. Hapa si pabaya. Chumbani tuko watatu na dirisha linatazama misonobari. Daktari wangu ni mwanamke, anataka tumwite Jurgita tu, bila udaktari.

Wameandika uzito ninaotakiwa kufikia. Nikiufikia kabla ya Noeli, nitaruhusiwa kuja nyumbani kwa Kūčios, nikae nawe mezani mkesha ule wa Noeli, halafu nirudi. Nisipoufikia nitabaki hapa. Nikishuka zaidi, watanilisha kwa mpira wa puani. Nataka kuja nyumbani, Mama. Kuliko kitu chochote.

Tafadhali usitume chakula. Hasa chakula ambacho mtu mwingine ameonja.

Nina swali dogo, halina uzito. Ule mwaka aliofariki Baba, kifua kilianza kumwuma kabla ya Kūčios au baada? Kama unakumbuka tu.

Živilė

~

Paežerė, 5 Novemba

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristu.

Siku ya Marehemu tulikuwa makaburini kama kila mwaka. Upepo ulizima mishumaa, Bronė akaiwasha, ukaizima, akaiwasha, mpaka akamwambia Baba yako pale kaburini, "Zenonas, tulia basi, hata ukiwa hai ulikuwa mbishi." Watu wakageuka kutuangalia. Nikacheka, halafu nikaona aibu, halafu nikacheka tena.

Umeuliza kifua. Kilimwanza vuli, tulipokuwa tunachimba viazi. Alikaa juu ya gunia akasema amebanwa. Nikamwambia aende kliniki, akasema ataenda kazi ikipungua. Hiyo ilikuwa kabla ya Kūčios, miezi kabla. Februari ndiyo ikawa ile siku alipoanguka zizini.

Kwa nini unauliza? Nimefurahi ukiuliza habari za Baba yako, watu wanaogopa kumtaja mbele yangu. Lakini kula, mwanangu. Nimeshakusafishia chumba.

Mama

~

Vilnius, 10 Novemba

Mama,

Asante. Una hakika ni wakati wa viazi? Yawezekana unachanganya na mwaka mwingine. Aligusa kifua kwa mkono, au alisema tu kwamba amebanwa? Kama alisema tu, huenda ulikuwa mgongo. Nijibu upesi, tafadhali.

Nimepanda kidogo. Jurgita amefurahi.

Živilė

~

Paežerė, 14 Novemba

Mwanangu,

Ulikuwa wakati wa viazi, na alishika kifua kwa mkono. Namwona mpaka leo, udongo wa kiganja ulibaki kwenye fulana. Hiyo fulana niliifua mimi.

Nasema tena, kwa nini unauliza? Mimi ni mama yako. Kama kuna jambo, liseme. Bronė anasema labda hospitali wanataka kujua magonjwa ya ukoo, nikamwambia kama ni hivyo wangeniuliza mimi.

Mama

~

Vilnius, 18 Novemba

Mama,

Jurgita amesema nikuandikie mwenyewe, kwa sababu yeye nimeshamwambia.

Unakumbuka Kūčios ya mwisho ya Baba? Nilikuwa na miaka kumi. Zile sahani kumi na mbili zote nilizionja isipokuwa heringi. Harufu ilinishinda. Shangazi Bronė akaniambia, "Onja, mtoto. Asiyeonja zote haioni Kūčios ijayo. Unataka mwakani sahani yako tuiwekee mshumaa, kama ya marehemu?" Nikaanza kulia. Baba akavuta sahani yangu akasema, "Lete huku, nitakula kwa niaba yake. Kifo hakijui kusoma majina." Akamla samaki wangu kwa vipande viwili. Mlicheka wote.

Kūčios iliyofuata, sahani yenye mshumaa ilikuwa ya Baba.

Najua unachotaka kusema. Mimi si mjinga, nimefika chuo kikuu. Najua samaki haui mtu. Najua kabisa, na kila ninapoinua kijiko kuna kitu kinasema, "Na kama?" Basi nikaanza kujikinga. Kwanza nilianza kuwataja watu walio hai wakati wa kumeza, wewe kwanza, halafu Shangazi. Nikimeza na mawazo yakaponyoka yakaenda makaburini, mlo ule ulikuwa umeharibika, nilipaswa kutema na kuanza upya. Ndiyo midomo uliyoiona inacheza. Ilikuwa inachosha, Mama. Uji wa dakika tano ulinichukua asubuhi nzima. Kwa hiyo nikapunguza matonge, maana tonge lisiloliwa haliui mtu.

Halafu kikaja kitu cha pili, na hicho nakionea haya zaidi. Nguo zilipoanza kunilegea nilifurahi. Njaa ikawa safi, kama chumba kilichofagiliwa. Nikaanza kuogopa mafuta, kuogopa mapaja yangu, kujipima kabla na baada ya kunywa maji. Sijui tena lipi linalinda lipi. Jurgita anasema ni magonjwa mawili yamepanga nyumba moja: wasiwasi na kujinyima. Ukimfukuza mmoja kwa mlango wa mbele, mwenzake anamfungulia wa nyuma.

Niambie tu kwamba alikuwa mgonjwa kabla. Niambie kwa namna ambayo sitaweza kuuliza tena.

Živilė

~

Paežerė, 21 Novemba

Mwanangu, damu yangu,

Nimeisoma barua yako zizini nikiwa nimekaa juu ya ndoo, na sikuweza kuinuka mpaka Margė aliponisukuma kwa pua.

Sikiliza. Naandika nikiwa nimeweka mkono juu ya msalaba ule wa bibi yako. Naapa mbele ya Mungu Mwenyezi kwamba Baba yako alikuwa mgonjwa wa moyo tangu vuli. Naapa kwamba daktari wa kliniki aliniambia siku ya mazishi kwamba moyo ule ulikuwa umechakaa miaka mingi. Naapa kwamba hukumwua. Huyo samaki mimi hata simkumbuki! Nimejaribu kumkumbuka, namwona Baba yako amevaa shati jeupe, naiona ile nyasi kavu ya Kūčios chini ya kitambaa cha meza, samaki simwoni.

Nilimsomea Bronė kipande kile. Uliniambia ya siri lakini nilishindwa. Alivaa viatu akatoka bila koti, akarudi baadaye ametota, akaniambia niandike hivi: kwamba yeye ni mwanamke mpumbavu, na maneno yale aliambiwa na mama yake, na mama yake na mama yake, na hakuna hata mmoja aliyeyaamini, yalikuwa ya kulisha watoto tu.

Basi sasa umejua. Kula, mwanangu. Kula, uje.

Mama

~

Vilnius, 25 Novemba

Mama yangu,

Mungu akulipe. Barua ilipofika niliisoma, nikala supu yote na mkate. Yote! Wenzangu wakanipigia makofi, yule Kamilė wa kitanda cha dirishani akasema nisizoee, makofi ni ya mara moja. Nilijisikia mwepesi, wepesi wa kweli.

Nimelala nayo chini ya mto.

Kuna kitu kimoja tu. Daktari alisema moyo umechakaa, lakini labda alisema hivyo kukufariji. Madaktari hufanya hivyo. Ulimwona usoni alipokuwa anasema? Na pale kwenye viazi, Baba alishika kifua upande wa kushoto au wa kulia? Hilo tu, sitauliza tena.

Živilė

~

Paežerė, 29 Novemba

Kushoto, mwanangu. Nilimwona daktari usoni, hakuwa mtu wa kufariji, alikuwa na mafua na haraka ya kuondoka. Kushoto. Lala sasa.

Mama

~

Vilnius, 2 Desemba

Mama, kushoto kwake au kushoto kwako wewe uliyekuwa unamtazama?

Ž.

~

Paežerė, 6 Desemba

Mwanangu Živilė,

Tumsifu Yesu Kristu.

Hii ni mara ya nne naanza. Tatu zimeingia jikoni, kwenye moto.

Jurgita alinipigia simu juzi. Nilikuwa nimekwisha kuandika jibu la kushoto, bahasha nimeilamba. Akaniuliza hali, akaniuliza ng'ombe, nikajua kuna kitu, daktari haulizi ng'ombe bure. Halafu akaniambia kwamba barua zangu unazisoma kabla ya kila kijiko. Kwamba ile ya kiapo imechanika kwenye mikunjo umeigandisha kwa plasta. Kwamba kila nikijibu unapata nafuu, na nafuu ikiisha unahitaji nyingine kubwa zaidi, na siku barua inapochelewa huli kabisa. Akasema, "Mama Zita, hicho kiapo chako kimekuwa sehemu ya ugonjwa. Ni kama kutaja majina wakati wa kumeza, ila sasa anayetaja ni wewe."

Nilikasirika. Nilimwuliza yeye amezaa? Akasema amezaa wawili. Nikamwuliza kama mtoto wake angemwuliza "mimi nimemwua baba?" yeye angenyamaza? Halafu akasema angetamani sana kujibu, na kwamba pengine ni rahisi kwake kusema hivyo kwa sababu hajaulizwa. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Sikutosheka, nikaenda kwa padri. Nilidhani ataniambia ukweli husemwa siku zote. Padri akanieleza kwamba watu wa namna hiyo kanisa linawajua tangu zamani. Wanaungama dhambi moja, wanaondolewa, wanafika mlangoni, wanarudi wakisema, labda sikuisema vizuri. Mapadri hufundishwa wasiwaondolee tena. Humwambia mtu, nenda hivyo hivyo na shaka yako, ukapokee Komunyo nayo. Nikamwuliza, huo si ukatili? Akasema yeye huwa anaumwa tumbo siku nzima akishafanya hivyo.

Nikarudi nikafua. Unajua kazi yangu, ulinisaidia tangu mdogo. Vile vitambaa vilivyogusa Mwili wa Bwana nasuuza kwanza kwenye beseni lake, maji yale namwaga chini ya mti wa lilaki, mahali pasipokanyagwa. Halafu sabuni, halafu pasi. Nikafikiri, mtu asiyejua akiniona atasema na huyu mama ana wasiwasi. Lakini mimi nikishamwaga maji nimemaliza. Sirudi kutazama kama yameingia ardhini. Misa nayo ina mwisho wake, tunaambiwa nendeni na amani, tunaenda, hata kama wengine hatuna amani. Hiyo yako, mwanangu, haina padri wa kusema nendeni. Ukiimaliza inakurudisha mwanzo. Mungu ninayemjua mimi hamchezei mtu hivyo.

Kwa hiyo swali ulilouliza la kushoto sitalijibu. Wala swali lolote la kifua, la viazi, la samaki. Nitakuandikia mengine yote. Nakupenda, na sitajibu. Nimeandika maneno hayo mawili pamoja na yameniuma mkono.

Mama

~

Vilnius, 10 Desemba

Mama,

Nimeelewa. Umefikiri upya ukakumbuka ilikuwa baada. Ndiyo maana umenyamaza. Kunyamaza nako ni jibu.

Wewe na Jurgita na padri mmekaa mmenijadili. Hongereni. Nilikuomba neno moja, kwake au kwako, neno moja, na wewe umeniandikia kurasa za kufua.

Usinisafishie chumba.

Živilė

~

Paežerė, 15 Desemba

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristu.

Chumba kimeshasafishwa. Theluji imefika madirishani, Bronė ameanguka mlangoni kwangu, hakuvunjika, amevunjika heshima tu. Alilala pale anapiga kelele kwamba nimemwagia barafu makusudi ili nirithi jiko lake. Nikamvuta kwa miguu kama gunia.

Mikono yangu imepasuka na maji baridi, napaka mafuta ya ng'ombe. Margė anakula kuliko sisi wote.

Barua yako niliisoma, nikakaa nayo. Sina la kusema juu yake ila kwamba niliisoma yote.

Usiku sisali vizuri siku hizi. Naanza Baba Yetu, nikifika mkate wetu wa kila siku nasimama.

Mama

~

Paežerė, 26 Desemba

Mwanangu Živilė,

Tumsifu Yesu Kristu, aliyezaliwa.

Jurgita alinipigia ile siku walipokuwekea mpira. Akasema hukupigana nao, uligeuza uso ukutani. Niliomba nije nikae nawe mkesha, akasema bado, nisubiri kidogo. Nimesubiri. Mpaka lini sijauliza, nimeona kuuliza kwangu nako kunaanza kufanana na kwako.

Sasa nakuambia jinsi tulivyokula Kūčios, wala sitapamba.

Tulikuwa wawili, mimi na Bronė. Nilipika zote kama kila mwaka, supu ya kiazi chekundu yenye uyoga, ile mikate midogo ya maziwa ya mbegu za popi unayoipenda, uji wa ngano, matunda, na heringi. Niliweka sahani yako. Bronė akauliza kwa sauti ndogo kama tuiwekee chochote. Nikamwambia haina mshumaa hiyo, mwenyewe yuko hai, amechelewa tu. Tukamega ule mkate mwembamba wa Noeli, akanimegea, nikammegea, tukatakiana mema bila kuangaliana.

Tukala. Nikaonja zote. Ilipofika heringi, nikajipakulia kipande, nikakiweka mbele yangu, nikaweka uma chini.

Bronė akafikiri nimeshiba. Akasema onja basi, kidogo tu. Nikamwambia sionji. Akanitazama, na nilimwona anaelewa polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa. "Zita," akasema, "usifanye mchezo huo."

Nikamwambia sichezi.

Sasa nakuambia lile ambalo Bronė hakuliona. Nilikuwa naogopa. Mimi mwanamke wa sakristia, niliyesema kwamba yale maneno ni ya kulisha watoto, mikono ilinitoka jasho. Miaka hamsini nimeonja zote kila mwaka, sijawahi kuruka hata moja, na sijawahi kujiuliza kwa nini. Kumbe na mimi nimekuwa nalipa ushuru huo huo, ila mimi nilitozwa usiku mmoja kwa mwaka, wewe unatozwa kila kijiko. Nilikaa na yule samaki mbele yangu, nikahisi, kwa udogo kabisa, jinsi unavyokaa wewe. Mwanangu, inawezekanaje unaamka asubuhi?

Sikumla. Sikusali sala ya kinga. Sikusema moyoni "Mungu anajua sikukusudia". Nilimwacha tu.

Bronė alikaa muda mrefu anakunjakunja kona ya kitambaa. Halafu akasukuma na sahani yake, samaki mzima juu yake, akasema, "Basi mwakani wafu wajipikie wenyewe." Asubuhi tukakuta paka wake amekula vipande vyote viwili, amelala juu ya jiko tumbo wazi.

Sitakuambia kwamba nitaiona Kūčios ijayo. Ningeweza kuapa, nimejifunza kuapa vizuri, lakini sijui. Bronė hajui. Wewe hujui. Baba yako naye hakujua alipovuta ile sahani, alikuona unalia akaona kuna samaki. Nimekaa upande huu wa kutokujua, na kiti cha pembeni kipo. Sikuiti uje uone hakuna la kuogopa. Nakuambia tu kwamba upande huu nipo mimi.

Mama yako,
Zita

~

Vilnius, 5 Januari 2013

Mama,

Milele amina.

Barua yako nilipofika pale pa heringi niliitupa. Nikakimbia kwenye dawati la manesi kuomba simu, nikuambie umle samaki sasa hivi, yeyote, hata wa kopo. Walikataa. Nikapiga mlango wao kwa viganja. Nilikutukana, Mama, kwa maneno ambayo sikujua ninayo.

Jurgita akaja akakaa nami sakafuni kwenye korido. Nilimwambia aseme hutakufa. Akasema, "Sijui, Živilė." Nikamwomba tena. Akasema tena hajui. Hakunishika, hakuniambia nipumue. Tulikaa tu. Mhudumu wa usafi akatupitia na ufagio, akafagia kutuzunguka kama sisi ni fanicha. Hofu ikapanda mpaka nikadhani kichwa kitafunguka. Nikaisubiri ifike mwisho. Sikutaja jina la mtu. Na baada ya muda, Mama, sikufanya kitu chochote, ikashuka yenyewe. Si yote. Ilishuka kama mtu mzito anavyokaa.

Jioni nilikula nusu kipande cha mkate bila kumtaja yeyote. Wewe hukutajwa. Nilipomeza nilikuona umekufa, waziwazi, kwenye jeneza na ile skafu ya kijani, na nikameza hivyo hivyo. Halafu nikaanza kuogopa mapaja yangu, yule mpangaji wa pili alikuwa anasubiri zamu yake. Nikalia nusu saa kwa sababu ya nusu kipande cha mkate. Kamilė akanipa soksi yake nipangusie pua.

Mpira wameutoa Ijumaa. Sijapona, usimwambie mtu nimepona. Kuna siku ni nzuri mpaka saa nne halafu basi. Nimechoka kama mtu aliyehamisha nyumba peke yake. Lakini ile ya kiapo nimempa Jurgita aitunze, na hii ya heringi imebaki kwenye droo, nimeisoma mara moja na kipande.

Mwambie Shangazi Bronė simdai kitu. Mwambie pia paka wake ni mwizi.

Hapa chini niliandika swali, nikalikatakata kwa kalamu. Nilikata sana lakini nadhani ukiinua karatasi dirishani herufi zitaonekana. Tafadhali, Mama, usiinue.

Živilė

~

Paežerė, 9 Januari

Mwanangu,

Barua yako imefika asubuhi hii, theluji inang'aa, jikoni hakuna mahali pasipo mwanga. Nimeisoma nikiwa nimesimama, dirisha nimelipa mgongo.

Mama